Makaa ya Kuosha Bahari

Lita mia nne za bahari
zimesimama Ngara, ghorofa ya pili,
kati ya viti vya wagonjwa na mlango wa Daktari Jivraj,
mita elfu moja na mia sita juu ya pwani yake.
Chumvi yake ilikuja kwa gunia.
Maji yake ni ya mfereji wa kanjo,
siku ambazo mfereji unakumbuka.

Mimi ndiye ninayeitunza.
Kila Ijumaa ya pili napanda ngazi na ndoo,
nainama ubavuni mwa kioo.
Siyatazami maji kwa mbele, kwa mbele maji hudanganya;
nayatazama kwa urefu, karatasi nyeupe upande wa pili.
Yakiwa na rangi ya turungi iliyozimuliwa mara tatu
najua makaa yameshiba.

Makaa. Ndiyo, makaa.
Syombua, auzaye magunia kule Kariokor,
aliitwaa chupa yangu, akaigeuza, akasoma bei,
akacheka hadi akakaa juu ya debe.
"Kwa pesa hizi ningekuuzia Kitui nzima."
Nikamwambia haya hayakuchomwa kwa ajili ya moto.
Ni vifuu vya nazi,
vilichomwa vikanyimwa hewa,
vikachomwa tena kwa mvuke
mpaka kila chembe ikawa nyumba ya vyumba visivyohesabika,
vitupu vyote, milango wazi,
vikingoja mpangaji.
Akaacha kucheka.
"Mama alikuwa akitia kipande mtungini
maji yakinuka chura."
Basi, nikasema, kazi yangu unaijua.

Wahenga walisema kifuu cha nazi
ni bahari ya chungu.
Hawakuongeza kwamba ukikichoma sawasawa
kifuu huinywa bahari.

Nayaosha kwanza. Kichekesho hicho: kuosha makaa.
Sinki ya daktari inakuwa nyeusi, kucha zangu nyeusi,
Kerubo wa mapokezi anaguna
mpaka maji yaanze kutoka maangavu.
Kisha nayatia ndani ya soksi ya nailoni,
ya Kerubo, iliyotoboka kidoleni,
nafunga fundo, naishindilia kwenye chujio
pale mkondo usipokuwa na njia nyingine.
Baada ya siku mbili kitatange anarudishiwa manjano yake yote,
na mtoto mwenye shavu lililovimba
anasahau kilichomleta.

Lakini makaa hayachagui.
Mwezi wa Machi kangaja alitoka madoa meupe,
kama aliyenyunyiziwa chumvi ileile anamoishi.
Nikapima dawa kwa bomba la sindano, tone kwa tone,
nikazima taa, nikaenda zangu Huruma,
nikalala usingizi wa mtu aliyetenda jambo.
Soksi nikaiacha chujioni.

Usiku kucha makaa yalikunywa dawa
kwa uaminifu uleule yanaonywea taka.
Asubuhi maji yalikuwa safi.
Sijaona maji safi vile maishani.
Kangaja alikuwa amelala ubavu juu ya mawe.

Kerubo hakuuliza. Alimfunga kwenye gazeti,
ukurasa wa michezo.
Daktari alivua glavu moja, akasema,
"Hata ganzi, kuna mdomo huikataa,"
akarudi kwa mgonjwa wake.
Hakujua haikuwa hivyo.
Dawa haikukataliwa. Ilikaribishwa,
ikapewa chumba,
mlango ukafungwa.

Makaa mapya ni meusi.
Makaa yaliyoshiba ni meusi.
Huwezi kuyatazama ukajua yamebeba nini.
Hayavimbi, hayanuki, hayapigi kelele;
yakijaa yanakaa palepale mkondoni,
na maji yanapita
kama watu wanavyopita duka lililofungwa.

Kwa hiyo naandika kwa penseli
ndani ya mlango wa kabati,
chini ya tarehe nyingine zote, tarehe ya leo.
Na chini yake, kwa herufi kubwa, nijisomee mwenyewe:
UKITIA DAWA, TOA SOKSI.

Kerubo ameongeza kwa kalamu nyekundu:
Na ununue yako.