Mdomo wa Gunia

Gunia lina mdomo. Hilo nililijua mapema,
nikishika sindano ya kushonea, mama akishika ukingo,
na dagaa wa Igombe wakitukodolea
macho makavu yasiyofumba.

"Jaza," alisema mnunuzi. Mama alijaza.
"Livishe kilemba." Mama alivisha:
kichuguu juu ya mdomo, kikazungushiwa kipande cha wavu,
kikapanda mpaka gunia likaota shingo, likaota kichwa,
likawa watu wawili
kwa nauli ya mmoja.

Lumbesa.
Ndiyo iliyobeba ada yangu ya kidato cha tatu
ikavuka nayo mpaka Kongo.

"Nyanzobe hana neno," watu walimsifu mama,
nami, mtoto, nikadhani neno ni kitu kama deni:
mtu mwema halali nalo.

Jana, Mwaloni, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
korongo wamepanga mstari juu ya bati
kama wakaguzi waliocheleweshewa mshahara,
Lushinge akaja, kalamu sikioni.
Akalipapasa gunia langu kichwani, asikikute kichwa.
"Kilemba kiko wapi, dada?"

Nilikuwa nimejiandaa. Wiki nzima nimeihutubia sufuria
hotuba ndefu, yenye haki, yenye serikali, yenye laana kidogo.
Yote ikazama.
Ulimi ukawa kokoro lililonasa kwenye jiwe.

Nikasema, "Gunia limeishia mdomoni."

Basi.
Sikupaza sauti. Sikutabasamu pia,
na kutotabasamu ndiko kulikonichosha,
maana mashavu yangu yamezoea kuomba radhi
kabla mwenyewe sijakosa.

Akacheka. "Wenzako wote wanaongeza."
"Nawaona."
"Nitanunua kwao."
"Wako pale, karibu na mizani."
"Siku hizi umekuwa mkali."

Hapo, nusura.
Hapo ndipo mkono wa mama ungeingia kwenye ndoo,
na wangu ulishaanza kwenda,
kwani ukiitwa pilipili unataka papo hapo
kuwaonjesha watu asali.

Nyuma yake, mlimani Kirumba, mawe yamekaliana
bila kelele, na nyumba zimejifunza kuyazunguka.
Nikaokota sindano. Tundu la kwanza nililikosa.

"Sijakukasirikia, Lushinge. Bei ya gunia, gunia.
Ukitaka na kilemba, kilemba nacho kina bei."
Nikaitaja. Sauti ikakatika katikati ya elfu.
Nikameza mate, nikaitaja tena, nzima.

Nisikudanganye: aliondoka na hakurudi.
Kwa jirani yangu alichukua manne, yote yamevikwa,
na jirani akanitazama kama niliyemwaga maji ya wageni.
Mpaka adhuhuri nimeuza matatu
kwa mama mmoja wa Kahama aliyehesabu pesa polepole.
Mawili nikarudi nayo. Guta alitaka elfu tatu;
nikamwambia mbili; akakataa, vizuri tu, bila kununa,
nikampa tatu, nikimwonea wivu.

Jioni mama alikiweka kiganja juu ya mdomo wa gunia,
pale palipo sawasawa,
kama anayepima homa ya mtoto.
Hakuuliza hasara.
"Ulimwambiaje?"
Nikamwambia.
"Halafu?"
"Halafu nikashona."

Usiku nimelala, nasikia vyombo uani,
maji, sahani, maji,
na chini ya maji sauti yake, ya mtu anayejaribu kiatu dukani:
"Gunia limeishia mdomoni?"
Kimya. Sufuria ikawekwa chini.
"Gunia
limeishia
mdomoni."