Ukanda wa Hatua Tatu

Kazi yangu si upepo.
Upepo hauna hati, haujarithiwa na mtu.
Mimi nashughulika na kinachokanyagwa:
ua, mfereji, lango la chuma lililopinda,
na nani ana haki ya kupitisha kondoo hapo,
tangu lini, kwa idhini ya nani.

Wahandisi walishamaliza. Minara kumi na minne
imesimama tayari, kwenye karatasi,
juu ya mlima wa akina Pugh, huku Wales ya kati.
Yamebaki, walisema, mambo madogo ya mawakili.

Jambo dogo lina upana wa hatua tatu.
Linakatiza kati ya shamba la Tegwen na barabara,
na waya wa umeme hauna pengine pa kupita.
Katika ramani ya babu yao limepakwa waridi
lililopauka kama ufizi,
na mwenye nalo ni Emrys, kaka mtu.
Hawajasemeshana tangu matanga ya mama yao,
miaka ishirini na sita.
Waligombea saa ya ukutani.

Nilibisha hodi kwake mvua ikinyesha kiubavu.
Hakunipa kiti. Nikafungua faili nimesimama,
nikamsomea: kodi, muda, haki ya kuingia kukarabati,
wajibu wa kurudisha udongo ulivyokuwa.

"Ulikuwaje?" akauliza.

Mkataba una kurasa hamsini na moja.
Nikazifunua nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kisha, akiukoroga moto usiohitaji kukorogwa:
"Bado anakohoa?"
Mimi ni wakili wa kampuni. Sibebi habari
kutoka jiko hili kwenda jiko lile.
Nikasema, anakohoa. Asubuhi hasa.

Akatia saini. Halafu akairudia kalamu,
na pembeni mwa kifungu cha tisa akaandika
kwa herufi za mtu aliyezoea kuhesabu kondoo:
waya upite chini ya ardhi, si juu ya nguzo,
asije akaharibiwa dirisha lake.

Sikuuliza nani.
Dirisha la Emrys linatazama upande wa pili.

Kuchimba mtaro kule, kwenye mwamba,
ni pauni elfu arobaini zaidi.
Kampuni ikaandika kudai sababu, kwa maandishi,
kabla ya Ijumaa.
Nilikaa na ule ukurasa hadi taa za ofisi zikajizima.
Kwenye kisanduku cha sababu nikajaza neno moja:
mandhari.