Uzi wa Kupimia

Baba alipima kwa uzi wa pamba.
Nilishika ncha moja chini, ukutani,
yeye akashika nyingine juu ya jukwaa la miti,
na kati yetu nyuso tatu zilikuwa bado mistari ya makaa.
"Zisizidiane hata kwa unene wa unyoya," alisema.
"Paji kwa paji, pua kwa pua.
Atakayeingia humu asimpate wa kumwita mkubwa
wala wa kumpita."

Kanisa letu la Gojam limekaa ukingoni mwa genge;
mto Abai unanguruma chini,
na mvua zikizidi, kuta hutetemeka kama ngozi ya punda.

Nilisaga udongo wa njano, nikavunja mayai, nikatenga viini.
Mama alileta kahawa hadi mlangoni:
kikombe cha kwanza kizito, cha pili cha wastani,
cha tatu, tunachokiita baraka, chepesi karibu na maji.
"Ndivyo Alivyo," Mama akasema. "Buni moja, vikombe vitatu."
Kasisi Merawi akanywa vyote, akafuta masharubu, akakataa.
"Mungu hapungui, Tewabech.
Roho si maji ya kusuuzia birika."
Mama akacheka. Akamwongezea.

Siku ya nne Baba alianza ndevu.
Nyeupe kwa wa kulia. Nyeupe kwa wa kushoto.
Nyeupe kwa wa kati.
"Baba, mbona na Mwana ana mvi?"
"Kwa sababu hajawahi kuwa mdogo kuliko Baba yake.
Hapakuwa na usiku hata mmoja
ambao Baba aliulala peke yake, akimngoja."
Kisha brashi ikasimama.
Rangi ikamchuruzika hadi kiwikoni.

Nilijua amekwenda wapi.
Kaka yangu Yitbarek alikuwa na ndevu saba;
tulizihesabu kwa utani asubuhi ya mafuriko,
kabla hajashuka gengeni kumtoa mtoto wa jirani.
Mtoto alipanda.
Bado hutuletea kuni siku za Jumamosi,
na Baba humpokea kwa mikono miwili,
kila mara, mikono miwili.

Nilikuwa na miaka tisa, sikujua kunyamaza.
"Kati ya hawa, aliyekufa ni yupi?"
"Mwana."
"Na hao wengine walikuwa wapi?"

Hakunijibu.
Usiku kucha nilisikia jukwaa likilia chini ya magoti yake.

Asubuhi nilikuta joho.
Jekundu, moja, limeanzia bega la wa kwanza
likawafunika watatu bila mshono,
na hata ukilifuata kwa kidole
huoni lilipomwachia huyu likamshika yule.
Pembeni, wenye uhai wanne wamekibeba kiti cha enzi,
shingo zimekaza, simba, fahali, tai, mtu,
ungedhani wameubeba uzito wa mbingu zote
na hawataki kupokewa.
Na macho! Waovu sisi tunawachora jicho moja,
shavu limegeuzwa upande.
Haya yalikuwa sita, meusi, wazi,
na yote yalinitazama mimi,
mwenye ute wa yai kwenye mkono wa gauni.

Ee Usiyepimika,
uliyekuwa na pendo kabla hujawa na wa kumuumba,
ambaye hukutuumba kwa upweke
bali kwa kufurika:
nimezeeka na uzi ule mfukoni.

Juzi nilipanda ngazi kufuta masizi ya mishumaa.
Nilianza kwa Mwana, kwa kitambaa na maji ya ndimu.
Chini kabisa ya ndevu zake, mahali pasipofikiwa na macho ya waumini,
nikakuta nywele nyeusi, nyembamba kama za paka.
Nikahesabu. Saba.

Nilishuka, nikakaa, nikalia kidogo,
nikadhani nimekifahamu kisa.
Halafu nikaisogeza ngazi kwa Baba wa milele.
Saba.
Nikaisogeza tena.
Saba.