Gari la Saba

Haikuwa na tezi, haikuwa na omo.
Huku mlango, kule mlango, midomo miwili:
ilimeza magari sita Kinlorne
na kuyatema Sorsay dakika kumi na moja baadaye
bila kugeuka.
Miaka thelathini na minne, kwenda na kurudi,
bila kugeuka.

Nilikuwa mkata tiketi. Nilifunga minyororo,
nikasukuma kabari chini ya tairi,
nikawaambia watalii wazime injini
na waache kuuliza kama mvua hukoma.
Magari sita, nasema. La saba liliingia tu
ikiwa Torquil Beaton ameamka vizuri,
au ikiwa ni la mkunga.

Nani hakupita hapa?
Kondoo wa Effie Lamont, waliojua saa ya feri
kuliko Effie mwenyewe.
Piano ya shule chini ya turubai,
ikigonga noti moja, ile ile, kila wimbi.
Lori la makaa. Lori la bia, ambalo halikuwahi kuachwa.
Gari jeusi la maiti: kwenda hatukulitoza,
kurudi tupu lililipa.

Na siku moja ya bamvua, mkondo ukivuta kama mwenye kudai,
binti wa Gillespie alijifungulia nyuma ya Landrova,
katikati kabisa, bara haijaisha, kisiwa hakijaanza.
Karani wa vizazi akauliza: Mahali pa kuzaliwa?
Babu akajibu: Andika maji.
Mtoto yule sasa ana ndevu.
Ndiye aliyeshika ncha ya pili ya utepe
daraja lilipofunguliwa.

Sikilizeni, sina kinyongo na daraja.
Mama yangu alikata roho usiku wa dhoruba,
daktari yuko ng'ambo, amekwama gatini,
taa za gari lake tunaziona kutoka jikoni.
Aliziwasha na kuzizima, akaziwasha na kuzizima,
ili tujue yupo.
Ningelijenga daraja lile kwa kijiko.

Ila foleni.
Foleni ya asubuhi, vioo vimeteremshwa nusu,
ndipo tulipojua nani anaumwa, nani anauza ng'ombe,
ndugu gani wamenuniana kwa sababu ya uzio.
Leo wimbo mmoja wa redio haujaisha, umeshavuka.
Umevuka na hukumwona mtu.

Mimi nilipewa kiinua mgongo. Mgongo haukuinuka.
Yeye (nilizoea kusema "ile", siku ile ulimi uliteleza),
yeye aliuzwa kwa wafuga samaki.
Wakampaka rangi juu ya jina, Peigi Ruadh,
wakaandika namba.
Anabeba magunia ya chakula cha samoni hadi vizimbani,
na mlango mmoja wameuchomelea
kwa kuwa hauna kazi.

Nilimwona mwezi wa tatu, kutoka juu ya daraja.
Amefika kwenye vizimba, ameshusha mzigo,
na sasa ana tezi, sasa ana omo,
sasa hana budi kugeuka.
Aligeuka vibaya. Polepole, kwa haya,
kama mtu mzima anayefundishwa dansi na wajukuu,
akirudi nyuma, akijaribu tena,
moshi ule ule mweusi anaotoa akikasirika.
Torquil angetukana. Torquil hayupo.

Nilisimama pale upepo ukinivua kofia.
Magari yakapita nyuma yangu, nami bila kutaka
nikawa nayahesabu: moja, mbili,
gari la posta, tatu, nne,
mtu nisiyemjua, tano,
la Effie, amenipigia honi, sita.

Nikageuka, nikanyoosha mkono, kiganja wazi,
jinsi nilivyozoea.

La saba lilipunguza mwendo,
dereva akanitazama,
likapita.