Behewa la Tororo

Kazi yangu ilikuwa kutikisa treni.
Tulikuwa sita, mitaimbo chini ya behewa.
Mwelekezaji akipaza sauti, "Mwendo!"
tunalisukasuka kama mama na mtoto wa homa.
Owori alikimbia na tawi mbele ya dirisha,
akazunguka nyuma, akarudi tena:
msitu wote wa Mabira ulikuwa Owori.

Ndani, viti vya mahameli, taa za shaba,
chai ikimwagwa kusudi, mara tisa,
juu ya gauni lililozidi mahari ya dada zangu wawili.

Vipindi vinne vikaonyeshwa.
Wiki ya tano tukajazana kwa Obbo kinyozi
tumjue muuaji kabla treni haijafika Kasese.
Wakatuwekea mieleka.
Muuaji hatukumjua.
Hata aliyemwigiza hakuwa ameambiwa.

Waliondoka na jenereta, na kamera,
na mshahara wetu wa majuma mawili.
Behewa likabaki kwenye reli ya mita thelathini
isiyo na ilikotoka wala iendako.

Sasa Nyafwono anafuga kuku daraja la kwanza.
Jioni nikipita, jogoo yuko dirishani,
ametulia kama abiria aliyelipa nauli,
na mikono inaniwasha.

Natazama kushoto, kulia.
Naweka bega. Nasukuma kidogo tu.
Kuku wanashika mahameli kwa makucha,
shingo zote juu,
na Owori, mzee sasa, akitoka kutafuta kuni,
anapita mbele ya dirisha na tawi lake begani,
wala hajui.