Swali la Thelathini na Moja

Nimefika Ibra saa mbili unusu bila ya taarifa,
maana nyumba ikijua mgeni yuaja
hufagia hata yasiyofagiwa.
Mlinzi alinisalimu kwa heshima ndefu, dakika sita.
Nimeziandika.

Nina fomu ya wizara, maswali arubaini,
kila swali na kisanduku chake, moja mpaka tano,
nina saa ya mkono, nina pua.
Pua haina kisanduku.
Ukumbini ubani unafuka, wa Dhofar, wa bei;
chini ya ubani, Detoli; chini ya Detoli
kile kinachofichwa na vyote viwili.

Nimebonyeza kengele ya kitanda cha tisa, nikangoja.
Dakika kumi na moja.
Nimeshika visigino, kimoja kimechubuka.
Glasi za maji zote zimejaa, zote zimefunikwa,
zote ziko juu ya meza ya dirishani,
pasipofika mkono wa miaka themanini
ila kwa dua.
Daftari la zamu ya usiku limetiwa saini
kalamu moja, mkono mmoja, mpaka usiku wa kesho.
"Ustadh Yaarub, kesho imeshalala hapa?"
Akacheka.
Nikaandika: moja.

Chumba cha kumi na nne, Bi Thuwaiba binti Zahran.
Faili lasema, kwa Kiarabu safi:
"Hupiga kelele. Maneno yasiyo na maana.
Apewe dawa ya usingizi."
Nikasimama mlangoni,
na maneno yasiyo na maana yakaniambia:
"Mwanangu, nigeuze. Ubavu unaniwaka.
Nigeuze, ubavu huu si wangu tena."

Kiswahili. Kile cha bibi yangu wa Wete,
tulichokifungia ndani tulipoanza skuli hapa
ili tusichekwe.
Miezi minane kimelala kitanda hiki
kinapewa vidonge.

Nesi Lissy, wa Kerala, akanionyesha ukutani
kipande cha plasta, herufi za kwao,
za duara, kama pete zilizomwagika.
"Nimejifunza mwenyewe," akasema, Kiarabu chake kikichechemea.
Akasoma kwa kidole:
maji, ni maji.
Baridi, ni blanketi.
Pole, hii namwambia mimi.
Ubavu, ni Panadoli.

Nani kakwambia?
"Hakuna. Alishika hapa, nikadhani maumivu.
Nikampa. Akalia.
Nikampa tena."

Kanuni ni moja: mkaguzi hagusi.
Huona, huandika, hwenda zake.
Nikaiweka fomu sakafuni.
Mimi begani, Lissy nyongani,
tukahesabu kila mtu kwa lugha yake
mpaka tatu ikatukuta pamoja.
Bi Thuwaiba akashusha pumzi
ya mtu aliyetua ndoo.
"Ahsante. Wewe wa nani?"
Nikamtajia babu, nikamtajia mtaa.
"Aa," akasema, macho yamefumba. "Watu wa madeni."

Lissy alikwishakata neno pale kwenye plasta.
Aliandika jingine, refu,
ulimi umemtoka pembeni kama mtoto wa darasa la kwanza.

Sasa nimo garini, fomu juu ya goti.
Kengele: moja. Maji: mbili. Daftari: moja, na onyo.
Lugha ya mgonjwa: swali hilo halimo.
Utu wa wahudumu: nilitia tano, nikafuta,
maana tano ya Lissy ataivaa Yaarub kifuani.
Nikatia tatu, nikaona haya.
Nimeacha wazi.

Swali la thelathini na moja:
Je, mkaguzi ameibadili kwa namna yoyote hali aliyoikuta?

Ndiyo.

Wameacha mstari mmoja wa maelezo.
Nimeandika:
Alilalia wa kulia. Sasa wa kushoto.
Ageuzwe tena saa sita.