Mkono wa Kulia

Kiti changu ni cha nne kutoka dirishani.
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
muda wa saa nne damu inatoka na kurudi,
na nje Coventry inanyesha mvua ile isiyo na haraka,
mvua ya kukaa, kama mgeni aliyekwisha vua viatu.

Mkono wa kushoto si wangu tena, ni wa mashine.
Walinishonea mshipa kwa mshipa, sasa unavuma
mchana na usiku, kama friji ya jirani.
Mjukuu wangu Nasriya alitega sikio pale kiwikoni
akasema: Bibi, umemeza nyuki?

Sindano mbili nene, mara tatu kwa wiki,
mwaka wa sita huu. Hesabu wewe, mimi nimechoka.
Na bado, Oktoba ilipofika
na Marisel akaja na kisinia chake cha chanjo ya mafua,
kisindano chembamba kama unywele wa mtoto,
mimi, Mwatima binti Faki,
nikageukia dirisha
kama mwanafunzi ambaye hakufanya hesabu alizopewa.

Si woga. Au ni woga, sijui.
Zile nene nimezizoea: zinatoa, zinarudisha,
kazi yake naiona kwa macho ndani ya mpira mwekundu.
Hii inaweka kitu, inakwenda zake.
Inakwambia: usipougua, ndiyo mimi.
Na ugonjwa ambao haukubisha hodi
utamshukuru nani?

Simu nayo imejaa sauti kutoka Maskati:
Mwatima, usikubali, wanawajaribia wazee.
Binamu yangu anajua kila kitu
isipokuwa presha yake mwenyewe.

Kiti cha tano ni Desmond. Alifunga milango ya magari
kiwandani miaka thelathini na moja.
Ana filimbi kifuani, ana sukari,
ana ukaidi wa msumari uliopinda.
"Mwaka juzi ilinipa mafua yenyewe."
"Ilikupa mkono kuuma, na siku moja ya uchovu,"
Marisel akamjibu. "Mafua yenyewe ungeyajua.
Kwa watu wa viti hivi hayaji peke yake,
yanakuja na ndugu zake."
Hakusema zaidi. Hakukitazama kiti cha sita.

Kiti cha sita alikuwa Winifred wa sweta isiyokwisha;
kila akifika shingoni akaifumua,
eti rangi haikumkaa.
Januari, Alhamisi, alianza kukohoa.
Jumamosi hakuja.
Jumanne kiti kilikuwa na mtu,
kijana wa watu, akaniuliza namba ya siri ya intaneti.
Hapa kiti hakikai matanga.
Kama alichanjwa, sijui. Sikuwahi kumuuliza.
Miaka minne tuliongea habari za sufi tu.

"Mkono gani?" Marisel akaniuliza.
Kulia, nikamwambia. Ule wa kulia chakula,
wa kusalimia, wa kuvuta tasbihi,
ndio uliobaki wangu.
Nikaipandisha blauzi mwenyewe.
Wala sikuisikia ikiingia.

Desmond alikuwa anatazama mvua,
au anajifanya.
Lakini kifungo cha mkono wa shati lake,
kilichokuwa kimefungwa asubuhi,
kilikuwa wazi.
Sikusema kitu. Mtu na kifungo chake.

Usiku sikupata ubavu wa kulalia.
Kushoto wauguzi wamenikataza,
kulia pamekuwa pagumu, pana moto kidogo,
kama pale kaka yangu alipozoea kunifinya.
Nikalala chali, natazama dari,
mkono mmoja unavuma,
mkono mmoja unauma,
na mimi katikati
nasubiri kitu kisije.